Kayamalizeni Nyumbani: Kesi za Wanawake Wanaoandamwa Zinavyofia Mahakamani



Ukitaka kujua serikali hii inamjali nani, usisikilize hotuba za Machi 8. Nenda kakae kwenye benchi la mahakama ya mwanzo au ya wilaya siku moja nzima, usikilize kesi ambazo hakuna mwandishi wa habari anayezifuata. Mimi nakaa sana kwenye mabenchi hayo. Si kwa kupenda. Wenzetu wana kesi, na lazima awepo mtu wa kuhakikisha wadhamini wamefika. Wakati tunasubiri kuambiwa kwa mara nyingine kwamba upelelezi haujakamilika, kesi za watu wengine zinaitwa. Na kuna aina moja ya kesi nimeiona ikiisha kwa namna ileile mpaka mwisho wake nimeukariri: kesi ya mwanamke anayeandamwa.

Nikisema kuandamwa simaanishi kutongozwa. Namaanisha mwanaume ameambiwa hapana, akaendelea. Anamsubiri dada wa watu kituo cha daladala kila jioni. Anampigia simu usiku mpaka betri inakwisha, akizuiwa namba moja anahamia nyingine. Anakwenda kazini kwake, anasimama nje ya geti. Anamfuata mpaka kanisani au msikitini. Anamwambia mama mwenye nyumba kwamba yule ni mke wangu, tumegombana tu. Hajampiga, hajavunja mlango. Bado.

Huyu dada akifika kituoni swali la kwanza ni hili: amekupiga? Hapana. Ana silaha? Sijaona. Huyo ni nani yako? Hapo ndipo mtego ulipo. Akisema ni mchumba wake wa zamani, kesi imeshakwisha kabla haijaanza. "Dada, hayo ni mambo yenu ya mapenzi, kayamalizeni nyumbani." Tuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vingi vya polisi, na wapo askari pale wanaofanya kazi kwa moyo, siwezi kuwanyima haki yao. Lakini hata yule askari mwenye moyo akishaandika RB anakutana na ukuta: amshtaki huyu mtu kwa kosa gani?

Maana kosa lenyewe halipo. Fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, utafute mahali palipoandikwa kwamba kumuandama mtu, kumvizia na kumfuata mara kwa mara mpaka aishi kwa hofu ni kosa la jinai. Hutapaona. Tangu 2021 tumeambiwa Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, tukapiga makofi. Hili jambo halina jina kwenye vitabu hivyo, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Matokeo yake mpelelezi anafanya kazi ya fundi cherehani. Anachukua miezi sita ya mateso, anaikata vipande, anatafuta kipande kimoja kinachoenea kwenye kosa lililopo. Siku ile alipotukana mbele ya watu inakuwa lugha ya matusi. Siku aliposema "nitakumaliza" inakuwa kutishia. Siku alipomvuta mkono inakuwa shambulio la kawaida. Zile siku nyingine zote mia na kitu, za kusimama getini na kutazama tu, zinabaki chini kama mabaki ya kitambaa. Hakimu anaona kipande kimoja kidogo, na anakihukumu kama kipande kidogo. Tusimlaumu sana hakimu kwa hilo. Hukumu inafuata hati ya mashtaka, na hati imeletewa tusi moja.

Mtu atasema, mbona kuna kifungu cha bugudha ya kijinsia? Kipo, kililetwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Kisomeni. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Laki mbili, jamani! Halafu kuna sharti ambalo wengi hawalijui: lalamiko halipokelewi zikishapita siku 60 tangu tukio. Sasa kuandamwa ni jambo la miezi. Mwanamke anavumilia kwanza, anaongea na ndugu, anahama chumba, anabadilisha laini, ndipo anakwenda polisi. Kufikia siku hiyo matukio ya mwanzo, yale yanayoonyesha kwamba alikataa mapema na kwa maneno yanayoeleweka, yameshapitwa na muda.

Tuseme kesi imefika mahakamani. Inaishaje?

Mara nyingi haiishi kwa hukumu. Inakufa. Tarehe ya kwanza mshtakiwa anasomewa, anakana, anapewa dhamana. Masharti ni yaleyale: wadhamini wawili, barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho, bondi ya kiasi fulani. Katika kesi nilizozisikiliza sijawahi kusikia hakimu akiongeza kwamba mshtakiwa asifike nyumbani au kazini kwa mlalamikaji. Saa nane mchana wote wawili wanatoka geti moja, na pengine wanapanda daladala moja. Halafu inakuja kutajwa. Shahidi hajafika. Jalada lipo kwa mwanasheria wa serikali. Hakimu yuko semina. Kila tarehe kwa dada wa saluni au mama ntilie ni siku bila kipato, pamoja na nauli. Kwa mahakama ya mwanzo mlalamikaji asipotokea shauri linafutwa, basi. Kwa mahakama ya juu yake mwendesha mashtaka anaomba kuliondoa, au siku za kuahirisha zinakwisha bila ushahidi kuletwa, na mshtakiwa anaachiwa. Kwenye kitabu cha karani inaandikwa shauri limemalizika, takwimu zinapanda, mkubwa anapongezwa kwa kupunguza mlundikano wa kesi.

Lakini kifo cha kawaida kuliko vyote ni usuluhishi, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hiki ni kitu ambacho hata watu wema wanakitetea.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu hakimu kuhimiza upatanisho kwenye shambulio la kawaida na makosa mengine ya binafsi yasiyo mazito. Wakipatana, hata kwa kulipana fidia, shauri linasimama. Wazo lenyewe si baya. Majirani wamegombania mpaka wakatiana makofi, kuwafunga kunasaidia nini? Wapatane, kesho wanazikana.

Sasa chukua wazo hilohilo ulipeleke kwa mtu anayeandama. Wanakuja wazee. Mama wa mshtakiwa analia kwenye korido. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye jamaa ni kijana wake wa kazi, anasema kijana huyu ni mwema, tatizo lake amependa. Mjomba wa dada mwenyewe anaanza: mwanangu, utamfunga mtoto wa watu? Watu watasema nini? Anaitwa kwenye kikao, anakalishwa kiti kinachotazamana na kile cha yule anayemkimbia, anaambiwa mpeane mikono. Mnaona kinachofanyika hapo? Yule bwana kwa miezi sita alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: huyu mwanamke akae naye, amsikilize, amjibu. Dada alikataa kwa nguvu zake zote. Mahakama na ukoo wakamletea mezani.

Wanaandika barua kwamba mlalamikaji hana tena nia ya kuendelea. Hakimu anauliza, umelazimishwa? Mbele ya wazee wote wale utajibu nini? Hapana, mheshimiwa. Shauri linaondolewa. Nimewahi kumsikia karani mmoja akisema kwa furaha kabisa, "hawa wataoana tu." Ilikuwa utani, watu wakacheka. Mlalamikaji hakucheka.

Na ikitokea bahati jamaa akatiwa hatiani? Faini ndogo, analipa palepale, au anaachiwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Sharti linasema asitende kosa. Akirudi kesho kusimama kwenye geti lile lile, kosa liko wapi? Kusimama barabarani ni haki ya kila raia. Hivyo anaweza kulitimiza sharti la mahakama kwa uaminifu wote huku mwanamke anaendelea kulala kwa mashoga zake kwa zamu.

Watawala watatuambia nchi ni maskini, uwezo hauruhusu, polisi hawatoshi. Sikilizeni. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani mpaka saa 48 kwa kisingizio cha kuhatarisha amani. Kuna vijana wenzetu hapa wameonja. Hiyo amri haihitaji shahidi, wala kiapo, wala tarehe ya kutajwa. Mwaka 2016 kijana mmoja Arusha aliandika maneno Facebook kumhusu Rais. Kabla mwaka haujafika Julai alikuwa ameshakamatwa, ameshtakiwa na kuhukumiwa: milioni 7 au jela miaka mitatu. Upelelezi ulikamilika! Mashahidi walifika! Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu kinachokataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua, na adhabu yake inaanzia milioni 5 au miaka mitatu. Dada mwenye ujumbe mia mbili za vitisho kwenye simu yake akikitaja kituoni anaambiwa, mzuie tu kwenye WhatsApp.

Halafu eti hawajui ni nani anayepiga. Tangu Mei 2019 walitupanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kuanzia Januari 2020 wakaanza kuzifunga za wasiosajili. Sababu waliyotupa ilikuwa kuzuia uhalifu wa simu. Basi hiyo hapo simu, huo hapo uhalifu, na vidole vyetu mnavyo.

Hii ni serikali inayoogopa kuandamana. Kuandamwa haikuwahi kuiogopa.

Sasa nigeukie huku kwetu, maana najua kuna watu wameshaanza kutikisa vichwa kwa kukubali wakidhani tunasema CCM peke yake. Kwenye magrupu yetu kuna makamanda ambao dada mpya akijiunga na tawi, namba yake inageuka mali ya umma. Anapigiwa usiku "kujadili mkakati". Akikataa anaitwa pandikizi, akihama grupu anafuatwa kwa namba nyingine. Akilalamika kwa viongozi anaambiwa nini? Dada, tusimpe adui silaha, tuyamalize ndani. Ni sentensi ileile ya askari wa kaunta, imevalishwa kombati. Mnashangaa kwa nini mikutano ya vijana ina wanaume tisini na wanawake sita. Mimi sishangai.

Kuna hoja mbili ninazozisikia kila nikiongea jambo hili, na zina uzito tofauti.

Ya kwanza nyepesi: mnataka kila kijana anayetongoza afungwe. Hapana, kaka. Tongoza. Ukiambiwa hapana, nenda nyumbani. Mahali palipotungwa sheria za namna hii zinadai mwenendo unaorudiwa na unaomtia mtu hofu. Ujumbe mmoja wa kijinga hauwi kosa. Mwanaume anayeshindwa kutofautisha kuomba na kuvizia kwa miezi, tatizo lake halitokani na sheria.

Ya pili nzito, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu: kamanda, unataka kuipa dola hii sheria nyingine ya "usumbufu"? Si itatugeukia sisi? Jirani tu hapa, Uganda, Stella Nyanzi alitiwa hatiani Agosti 2019 kwa kosa la bugudha ya mtandaoni kwa sababu ya shairi kumhusu Museveni, akapewa miezi 18, mpaka Mahakama Kuu ilipomwachia Februari 2020. Sheria iliyouzwa kama ngao ya wanyonge ikawa ngao ya Rais. Hofu hiyo ni ya kweli na nani asiyeijua hapa nchini, baada ya yale tuliyoyaona na Sheria ya Mtandao.

Ndiyo maana hatuwezi kuwaachia wao waiandike. Kinachohitajika kwanza ni amri ya zuio, kabla hata ya kufikiria jela. Afrika Kusini wana Sheria ya Kinga dhidi ya Bugudha ya 2011, iliyoanza kutumika 2013. Mwanamke anakwenda mwenyewe kwa hakimu, bila wakili, anaeleza kwa kiapo, anaweza kupata amri ya muda kabla hata mwenzake hajasikilizwa. Amri inakuja na hati ya kukamata iliyowekwa kiporo: akiikiuka, hati inaanza kufanya kazi. Mahakama inaweza kuiagiza kampuni ya simu iseme namba hii ni ya nani. Ona tofauti: kusimama getini, ambako kwetu si kosa, kwao baada ya amri kunakuwa kosa. Mwenye kuanzisha ni yule anayeandamwa mwenyewe, kwa jina lake na kiapo chake. Si OCD, wala Mkuu wa Wilaya. Na kwenye ya kwetu iandikwe wazi kwamba kumkosoa mwenye madaraka kwa kazi yake ya umma, hata kwa maneno makali na hata kila siku, hakuhusiki na sheria hii.

Kenya nao waliitaja tabia hii kwa jina kwenye Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015. Ni hatua, lakini karatasi peke yake haizuii mtu. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyetoka kushiriki mbio za marathoni za Olimpiki Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia na mwanaume waliyekuwa wameachana. Alifariki siku chache baadaye hospitalini Eldoret. Baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba familia ilikuwa imeshakwenda polisi kabla ya siku ile. Kwa hiyo sheria tuidai pamoja na askari anayewajibishwa kwa kupuuza RB, kwa jina na kwa cheo.

Madai ya kuingiza kwenye ilani ya vijana nayaona hivi. Kuandama mtu kuwe kosa linalojitegemea, linalotazama mwenendo mzima na siyo tukio moja moja. Mahakama ya mwanzo itoe amri ya zuio siku ileile mtu anapoomba, maana hiyo ndiyo mahakama iliyo karibu na watu. Ukomo wa siku 60 ufutwe, na ile faini ya laki mbili iende makumbusho. Usuluhishi kwenye kesi hizi upigwe marufuku kama mlalamikaji hakuuomba mwenyewe, tena faragha, bila ukoo kumzunguka. Hakimu akitoa dhamana aandike umbali ambao mshtakiwa haruhusiwi kuuvuka. Hili la mwisho lingeweza kuanza Jumatatu, halihitaji Bunge.

Na ndani ya chama: kila mkoa uteue dada wawili wa kupokea malalamiko, wasiwe chini ya mwenyekiti wa vijana wa mkoa. Mtu akithibitika anaandama wenzake, kadi irudi, hata kama ndiye mpiga debe wetu hodari kuliko wote.

Wakati tunayapigania hayo kuna kazi ya kufanya sasa hivi. Dada, usifute ujumbe hata kama unatia kichefuchefu. Piga picha ya kioo inayoonyesha namba na tarehe, mtumie mtu mwingine akutunzie. Andika daftari: siku, saa, mahali, nani aliona. Mjibu mara moja tu kwa maandishi kwamba hutaki, kisha usimjibu tena. RB iwe na maelezo ya matukio yote, usikubali iandikwe la jana peke yake. Omba msaada wa kisheria. TAWLA na LHRC wanafanya kazi hiyo, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua hata wasaidizi wa kisheria walioko mitaani.

Na ninyi makamanda wa kiume, mahakama ni wazi kwa umma. Tarehe ya kwanza ya kesi hizi ndugu wote huwepo, ya pili wanabaki wawili, ya nne dada anakwenda peke yake na upande wa pili umejaa wazee. Kesi inafia hapo. Kila tawi litoe watu wawili wa kukaa naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe, kila tarehe, pamoja na nauli yake ikibidi. Msivae sare za chama. Simu zizimwe, maana hakimu akikasirika na simu yako, anayeumia ni yeye.